Farasi wawili wa kupandisha wageni Naivasha: nepia na pumba, boma rhodes na luseni, au chakula cha gunia?

Ziwani_Farasi
Wadau, salamu. Nina farasi wawili huku Naivasha, jike wa makamo na dume aliyehasiwa. Wanapandisha wageni wikendi na sikukuu, siku nyingine wanapumzika. Wanakula nepia (majani ya tembo) iliyokatwakatwa, na kila mmoja anapata kilo tatu za pumba za ngano kwa siku. Jike amekonda mgongoni ilhali tumbo limetuna, na siku hizi anachechemea bila jeraha: leo mguu huu, kesho ule. Nafikiria niendelee na nepia lakini pumba zibadilishwe na chakula cha ng'ombe wa maziwa, au ninunue marobota ya boma rhodes (nyasi zilizokaushwa) na luseni (majani ya jamii ya kunde) kidogo, au nilishe chakula cha farasi cha gunia. Kipi kina faida kweli kwa mnyama, bei tuijadili baadaye?

Saisi_Ngong
Kaka, kabla ya kulinganisha magunia, jua uzito wake. Chukua futi kamba, zungusha kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele hadi nundu ya mabega. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya kalio. Zote kwa sentimita. Mzunguko zidisha kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Tuletee jibu. Nimekaa na farasi wa mbio na wa polo muda mrefu, na shida nyingi nilizoona zilitokana na watu kulisha kwa debe na kwa macho.

Ziwani_Farasi
Jike: kifua 165, urefu 150. Imekuja kilo 344.

Tabibu_Mifugo
Asante kwa vipimo, sasa tunaweza kusema kitu. Farasi wa kazi nyepesi anahitaji chakula kikavu cha takriban asilimia 2 ya uzito wake kwa siku. Kwa jike wako ni karibu kilo 7. Hei, yaani nyasi zilizokaushwa, ina maji kidogo, kwa hiyo kilo 7 na nusu za boma rhodes zinatosha. Nepia mbichi karibu asilimia 80 ni maji, hivyo angehitaji kilo 35 hivi kila siku ili afike pale pale. Anakula kiasi hicho? Nina wasiwasi hafikishi, ndiyo maana mgongo umeisha.

Lakini kinachonitisha zaidi ni huko kuchechemea kunakohama mguu. Pumba za ngano zina fosforasi nyingi sana na kalsiamu kidogo mno. Kilo tatu zinampa takriban gramu 33 za fosforasi na gramu 4 tu za kalsiamu. Kwa kazi anayofanya anahitaji kama gramu 20 za kalsiamu, na katika mlo mzima kalsiamu lazima izidi fosforasi, ikiwezekana mara moja na nusu hadi mbili. Kwako imegeuka kichwa chini miguu juu. Juu ya hapo kuna nepia. Nyasi za nepia, kikuyu na setaria zina oksaleti, ambayo inaifunga kalsiamu tumboni isinyonywe. Ng'ombe haumii haraka kwa sababu vijidudu vya tumbo lake la kwanza vinaivunja oksaleti mapema. Kwa farasi vijidudu wako nyuma, kwenye utumbo mpana, wakati kalsiamu hunyonywa mbele, kwenye utumbo mwembamba. Mwili ukikosa kalsiamu unaichota kwenye mifupa.

Fanya hivi leo: papasa mfupa wa uso juu ya mashavu, pande zote mbili, ulinganishe na dume. Ukikuta umevimba, mgumu, pande zote, ni dalili ya mifupa kuchotwa kalsiamu, mwite daktari wa mifugo bila kuchelewa. Na umwambie asitegemee damu peke yake, maana kalsiamu ya damu inaweza kusoma kawaida huku mifupa inaliwa.

Mkulima_Molo
Mimi nimelisha pumba miaka yote, punda na farasi, na wanavuta mkokoteni vizuri. Chakula cha ng'ombe wa maziwa kina madini tayari, si hilo ndilo jibu rahisi?

Tabibu_Mifugo
Ndugu yangu, hapo naomba tusikie wote: USILISHE farasi chakula cha ng'ombe wala cha kuku bila kujua kila kilichomo. Baadhi huchanganywa na dawa iitwayo monensini. Kwa kuku inazuia koksidia (vimelea vya kuhara), kwa ng'ombe inasaidia tumbo, lakini kwa farasi kiasi kidogo tu kinaharibu misuli ya moyo na kumwua. Hata mashine iliyosaga chakula cha kuku kabla ya chako inaweza kuacha mabaki. Mahindi yenye ukungu nayo yaepukwe kabisa. Sumu ya fumonisini inaozesha ubongo wa farasi, na mnyama anaweza kufa ndani ya siku chache. Njia hiyo ya kwanza mimi naifuta kwenye orodha.

Pumba chache za kuchanganyia dawa hazina neno. Tatizo ni kuzifanya mlo.

Saisi_Ngong
Naunga mkono. Na kuhusu gunia la farasi: ni zuri likiwa nyongeza. Tumbo la farasi ni dogo na linatoa asidi usiku na mchana, lakini mate ya kuituliza hutoka anapotafuna tu. Ukimpa ndoo mbili za nafaka na hei kidogo, anakaa saa nyingi bila kutafuna, vidonda vya tumbo vinaanza. Uone anavyoguguna mbao za zizi. Mimi hei huwa ya kwanza asubuhi, nafaka baadaye.

BintiBarka_Maskati
Hamjambo. Huku Oman nyasi za rhodes zinalimwa kwa wingi, farasi tunawapa hizo pamoja na luseni, na shayiri kwa wale wa kazi nzito. Luseni ina kalsiamu nyingi, kilo moja kavu inatoa gramu 13 hivi, na inatuliza asidi ya tumbo. Ila msimpe peke yake siku zote. Protini ikizidi anakojoa sana na zizi linanuka amonia, macho yanawasha. Shayiri nzima ni ngumu, ipondwe. Kwa jike wa kilo 344 isizidi nusu kilo na kidogo kwa mlo mmoja, wanga ukizidi hapo unaleta vidonda vya tumbo.

Ziwani_Farasi
Nimempapasa. Upande wa kushoto na kulia kuna uvimbe mgumu, dume hana. Daktari anakuja kesho asubuhi. Nimeagiza boma rhodes na luseni. Nibadilishe ghafla?

Tabibu_Mifugo
Vizuri umewahi. Pumba zipunguze kila siku hadi ziishe ndani ya siku saba, na hei iongezeke polepole vivyo hivyo, kama siku kumi, ili vijidudu vya utumbo vizoee. Lengo ni kilo 6 na nusu za boma rhodes na kilo moja ya luseni, zigawanywe mara tatu au nne. Chumvi ya kawaida vijiko viwili vya mezani kwa siku, maji safi muda wote. Unga wa chokaa ya mifugo usianze kwa kukisia. Daktari ndiye atasema kiasi. Na tafadhali usimnunulie DCP (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi) kwa sasa, utamwongezea fosforasi tena.

Asipandwe mpaka daktari aseme, mifupa iliyonyonywa huvunjika kirahisi.

Saisi_Ngong
Na robota lipime kwa mizani ya kuning'iniza, kaka. Mengine yana kilo 10, mengine 15, kamba ni ile ile.