Mama katolewa mtoto wa jicho, lakini mbali bado haoni vizuri

BintiPangani:
Habari zenu. Mama yangu alitolewa mtoto wa jicho la kulia akawekewa lenzi, sasa ni miezi mitatu. Ukungu umekwisha, na sindano anatunga uzi mwenyewe bila miwani (anadarizi kofia). Ila mtu akiwa ng'ambo ya barabara hamtambui mpaka aongee. Cheti cha kipimo kinasema -2.00, silinda -1.00. Jirani anadai lenzi ni mbovu, itolewe. Kliniki moja inasema apigwe leza. Jicho la kushoto nalo lina mtoto na mama ameshaingia hofu. Tufanyeje?

MpimaMacho:
Mpe mama pole. Lenzi si mbovu. Hiyo -2.00 ni namba ya miwani: mwenye namba ya kutoa huona karibu, mbali shida; silinda ni mbinuko wa jicho usio sawa pande zote. Nguvu ya lenzi huchaguliwa kabla ya upasuaji kwa kupima urefu wa jicho na mbinuko wa konea (kioo cha mbele ya jicho). Urefu ukikosewa milimita 1 tu, namba ya miwani inahama kwa 2.50 hadi 3.00. Na hata vipimo vikiwa sawa, lenzi ikitulia mbele kidogo kuliko ilivyotarajiwa, mtu anabaki na namba.

Kabla ya yote, toboa kadi ngumu kwa sindano, mama afumbe jicho la kushoto achungulie mbali kwa la kulia. Akiona vizuri zaidi, tatizo ni namba. Asipoona tofauti, daktari atazame retina (pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha), na pia utando unaoota nyuma ya lenzi.

Kuhusu leza, waulize ni ipi. Ya kutoboa utando haiondoi namba. Ya kunyoosha konea huiondoa, lakini macho ya watu wazima mara nyingi ni makavu na leza hiyo huyakausha zaidi.

BintiPangani:
Tumetoboa kadi ya vocha. Amesoma kibao cha duka la ng'ambo, herufi zote!

MpimaMacho:
Alhamdulillahi. Basi mtengenezee miwani ya mbali, na akikaa kudarizi aivue. Kutoa lenzi iliyokwisha kushikana na mfuko wake ni upasuaji wenye hatari, na kwa -2.00 mimi siungi mkono hata kidogo.

MwanaKorogwe:
Baba yangu alibaki na +3.00, mbali shida, karibu shida zaidi. Yeye aliongezewa lenzi nyembamba mbele ya ile ya kwanza. Kwa hiyo dada, usiige dawa ya mtu mwingine.

MpimaMacho:
Kweli kabisa. BintiPangani, la kushoto msilifanye bila kwenda na kumbukumbu za la kulia: lenzi ya nguvu gani iliwekwa, walilenga jicho libaki na namba gani, wakapata ipi. Daktari atazitumia kurekebisha hesabu. Na mama mwenyewe aulizwe anataka nini. Jicho la pili likilengwa mbali kabisa, macho yatatofautiana kwa karibu 2.00, wengine huzoea, wengine kichwa huwauma. Likilengwa karibu kama la kwanza, ataendelea kudarizi bila miwani na ya mbali ataivaa akitoka. Mtu wa sindano, mimi ningemshauri hilo la pili, lakini aamue yeye.

BintiPangani:
Nimemsomea. Anasema la karibu. Jumatatu naenda kuomba faili.