Eti "mlango wako ndio mrefu"! Huyu muuza mazulia ametuchoka au tumemchoka?

Mwenye Korido
Simtaji. Mnamjua. Yule mwenye spika mlangoni na tepu ya kupimia shingoni kama daktari wa wodi, tepu ambayo haijafunguliwa tangu siku Nakuru haijawa jiji.

Korido ni futi tatu, sentimita 91. Hata mtoto wa darasa la nne anajua hapo linaingia zulia la upana wa sentimita 60, likizidi sana 70, sakafu ionekane kidogo huku na huku. Yeye kafunga la mita nzima. Limepanda ukuta pande zote mbili kama mfereji wa maji. Tena lile la manyoya marefu, sentimita tatu, la kulalia paka. Chini ya mlango wa mbele kuna uwazi wa milimita 10, na mlango unafungukia ndani. Fanyeni hesabu nyinyi. Mlango ukisukumwa unakusanya zulia lote unalirundika jikoni.

Zulia limerudishwa leo. Mbele ya wateja sita, mmoja akiwa na mtoto mgongoni, bwana mkubwa anatamka: "Zulia halina shida. Mlango wako ndio mrefu."

MLANGO. WANGU. NDIO. MREFU.

Kijana wa Section 58
Pole sana. Lakini tuambiane ukweli hapa, huo mlango una urefu gani?

Mwenye Korido
Wewe ni binamu yake, nimeshajua.

Na hajaishia hapo. Akaongeza, "au kata upande kwa makasi." Zulia la kufumwa na mashine likikatwa ubavuni linapoteza ule mshono unaoshika nyuzi, na wiki mbili tu linaota ndevu. Ukikata lazima upake gundi ya mpira kwenye jeraha, ikauke, ndipo fundi mwenye ovaloki nzito (cherehani ya kushona kingo) au mkanda wa kitambaa azungushe ukingo. Mashine ya kushonea sketi haipenyi. Wengine wanachoma ukingo kwa kiberiti: hizo nyuzi za plastiki zinayeyuka zinakuwa shanga ngumu, zinakwaruza visigino. Yeye haya anayajua! Lakini mlango ndio mrefu.

Fundi wa Lanet
Muuzaji ana makosa, na wewe una lako. Korido haipimwi mara moja. Inapimwa mwanzoni, katikati na mwisho, kutoka skatingi (ule ukanda wa chini ya ukuta) hadi skatingi, si ukuta kwa ukuta, kwa sababu kuta za nyumba zetu hazikimbii sambamba. Unachukua kipimo kidogo kuliko vyote, unatoa sentimita 10 kila upande. Hapo kwa 91 unabaki na 71, kwa hiyo nunua la 60 au 70 ulale usingizi. Urefu nao, acha sentimita 15 hadi 30 kila mwisho. Korido ya mita nne inataka zulia la mita tatu na nusu hivi.

Mlango: kata vipande vya katoni, vipange mpaka vipite chini kwa shida, kisha pima hiyo rundo kwa rula. Halafu fungua mlango wote mpaka ukutani huku katoni zikiwa sakafuni. Sakafu ikiwa na mwinuko, mlango unapita vizuri pale bawabani unakwama katikati. Na usisahau kujumlisha mpira unaotandikwa chini ya zulia. Zulia la milimita 6 juu ya mpira wa milimita 3 ni 9. Kwa 10 zako linapita likinong'ona.

Mwenye Korido
Asante mzee. Sasa mtu anayejua yote hayo anawezaje kusimama akasema mlango wangu

Kijana wa Section 58
ndio mrefu 😂

Nyar Kondele
Huyo wenu malaika. Wa huku Kisumu anauza mazulia yenye mpira mgongoni kwa watu waliotandika mkeka wa mbao (ile plastiki ya sakafu yenye sura ya mbao), halafu anasema "ndiyo halitelezi". Kweli halitelezi. Miezi michache ukiliinua, mkeka una doa la manjano lenye umbo la zulia. Dawa iliyo kwenye mpira inahama inaingia ndani ya plastiki, na doa likiwa ndani hakuna sabuni wala Jik ya kulifikia. Juu ya mkeka wa mbao unaweka felti, au pedi iliyoandikwa wazi kwamba inafaa sakafu za plastiki. Iwe ndogo kuliko zulia kwa sentimita mbili na nusu kila upande ili ukingo ulale chini, usiwe kizingiti cha kumwangusha shosho.

Mwana wa Amalemba
Dada, mkeka wa mbao ni wa matajiri. Wenye sakafu nyekundu ya polishi mbona hamtuhurumii? Zulia la korido juu ya polishi ni skeiti. Pedi nayo haishiki kitu juu ya nta. Futa polishi pale linapolala zulia, kwa maji ya moto na sabuni, acha pakauke kabisa, ndipo utandike. Usipofanya hivyo, tumbo la zulia linageuka jekundu, na ukiliosha rangi inapanda juu.

Mwenye Korido
Jamani uzi huu ni wa mlango.

Ngazi Kumi na Nne
Mlango ni kitu kidogo. Kuna muuzaji anapimia ngazi zulia kwa kuhesabu pa kukanyagia tu. Ngazi 14, pa kukanyagia sentimita 25, anakuuzia mita tatu na nusu na risiti. Na wima je? Sentimita 17 kila moja! Jumla ni 42 mara 14, mita 5.88, kabla ya cha kukunja juu na chini. Zulia linaishia ngazi ya nane, mgeni anapanda kama mfalme kisha anamalizia kama mwizi.

Fundi wa Lanet
Na manyoya yalale kuelekea chini. Pitisha kiganja, upande unaolainika ndio uelekezwe chini. Ukigeuza, kila ukingo wa ngazi manyoya yanapasuka yanaonyesha mgongo wa zulia.

Nyar Kondele
Omera, umesahau kona. Korido ya herufi L watu wanapandanisha mazulia mawili pale kwenye kona. Pale pale ndipo vidole vinakwama. Moja lifike hadi kona, la pili lianzie kando yake bila kuligusa.

Mwana wa Amalemba
Kona zikijikunja je? Maana linatoka dukani limeviringishwa kama chapati.

Fundi wa Lanet
Liviringishe kinyume, mgongo ndani uso nje… hapana, nimekosea, limetoka dukani uso ukiwa ndani, kwa hiyo sasa mgongo ndio uwe ndani. Basi nilikuwa sahihi. Usiku mmoja, ulifunge kamba. Asubuhi lilaze juani saa chache. Pasi usiguse, plastiki inayeyuka.

Kijana wa Section 58
Na wale wa kuosha magari wanaopiga mazulia ya mkonge kwa mashine ya maji? Hao ndio wafungwe. Mkonge ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa na kuacha madoa ya kahawia. Ni wa kufagia na kufuta kwa kitambaa chenye unyevu, basi.

Ngazi Kumi na Nne
Hata la plastiki wanaliharibu. Mashine ya maji ikikaribia sana inang'oa gundi ya mgongo, kisha unaona unga mweupe sakafuni kila siku unadhani ni vumbi la Nakuru.

Mwenye Korido
Wateja SITA walisikia.

Nyar Kondele
Zulia la mkonge likimwagikiwa na chai, unafanyaje? Unafinya kwa taulo kavu ama unamwagia chumvi?

Kijana wa Section 58
Finya kwa taulo, kutoka ukingo wa doa kuja katikati. Usisugue.