Kompyuta 30 zimefungiwa kwa kufuli Katuba na wazazi tunaendelea kulipa: nani aliandika mpango huu?

Binti yangu anasoma darasa la 7 katika shule moja hapa Katuba, Lubumbashi. Wiki iliyopita alinionyesha daftari lake la teknolojia ya habari, na ndani yake nikaona kibodi iliyochorwa kwa kalamu ya risasi, herufi moja moja, kama mwalimu alivyoichora kwa chaki ubaoni. Ameikariri yote, na hajawahi kugusa kibodi ya kweli hata siku moja, ingawa hatua chache kutoka darasani mwao kuna chumba chenye kompyuta 30 ambacho kimefungwa kwa kufuli tangu Oktoba. Mwalimu wake simlaumu. Yeye ni mwalimu wa hesabu aliyekubali kubeba somo hili kwa sababu hakuna mwingine wa kulibeba, naye hakupewa ufunguo.

Ninaowalaumu ni wale waliokaa ofisini wakaandika mpango wa kuingiza kompyuta katika shule zote za sudivizioni yetu, yaani eneo letu la usimamizi wa elimu, bila kukanyaga shule hata moja. Nasema hivyo kwa sababu mimi ni mjumbe wa komite ya wazazi, nilikaa katika mkutano tulipoitwa kuusikiliza mpango huo, na kila swali la umeme nililouliza lilijibiwa kwamba litashughulikiwa baadaye. Vifaa vikaja kwanza. Kila shule ikapewa kompyuta 30, iwe ina wanafunzi 200 au zaidi ya 1,000, kana kwamba aliyegawa hakuwa na orodha ya watoto mbele yake.

Mimi ni fundi wa umeme, kwa hiyo niruhusuni nieleze hesabu ambayo ingefanywa kwa nusu saa na kutuepusha na aibu hii. Kompyuta za mezani tulizoletewa, pamoja na vioo vyake, hula takriban wati 120 kila moja. Zote 30 zikiwashwa ni wati 3,600. Umeme wa mtaa wetu hukatika wakati wowote, na unaporudi huja na nguvu isiyotulia ambayo huunguza vifaa, ndiyo maana mpango uliahidi paneli za jua. Paneli zilikuja kweli, pamoja na betri 4 za asidi, kila moja ya volti 12 na ampea-saa 200. Betri hizo zikijaa kabisa zina wati-saa 9,600, lakini kila fundi anajua kwamba betri ya asidi ukiinyonya chini ya nusu mara kwa mara unaiua mapema, kwa hiyo kinachotumika salama ni wati-saa 4,800. Gawanya kwa 3,600: ni saa 1 na dakika 20, kabla hujatoa kile kinachopotea ndani ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Shule yetu ina zamu ya asubuhi na zamu ya mchana. Katika wiki ya tatu betri zilikuwa zimekwisha nguvu, prefe, yaani mkuu wa shule, akaogopa kuharibu mali aliyoitilia sahihi, akafunga mlango. Kama zingenunuliwa kompyuta za mapajani zinazokula wati 40 au pungufu, betri zilezile zingefundisha karibu saa 4.

Umeme peke yake ungetosha kunikasirisha, lakini kuna zaidi. Mashine zote ni za zamani na zinatumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025, na nilipozifungua nikaona haziwezi kupokea toleo linalofuata. Zingeweza kuwekewa Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta ambao haulipiwi, lakini hakuna mstari mmoja wa mpango unaosema nani atauweka. Kibodi zake zimepangwa kwa mtindo wa Kiingereza, wakati vitabu na mtihani wa watoto wetu ni vya Kifaransa, kwa hiyo hata ile kibodi aliyoikariri binti yangu hailingani na iliyomo chumbani. Mafunzo yalikuwa ya siku mbili mjini, wakaitwa wakuu wa shule. Walimu wanaoingia darasani hawakuitwa. Masomo nayo yameandikwa kana kwamba kila shule itanunua mega za intaneti kila mwezi, ilhali kuna programu kama Kiwix na Kolibri zilizotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti: unaweka Wikipedia nzima ya Kifaransa au ya Kiswahili katika mashine moja, na darasa zima linaisoma bila kulipa hata faranga.

Tulipouliza ni nani atakayetengeneza kilichoharibika, tukaanza kuzungushwa. Shule yetu ni ya kanisa chini ya mkataba wa 1977, ina maana walimu wanalipwa na serikali huku usimamizi uko kwa kanisa. Ofisi ya serikali ikatutuma kwa viongozi wa kanisa, na wao wakaturudisha kulekule, wakisema hawakushirikishwa katika mpango. Katika makadirio yote ya pesa niliyosomewa, fungu la matengenezo halikuwemo.

Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, lakini kuanzia darasa la 7 sisi bado tunalipa, na tangu Septemba tumeongezewa faranga 15,000 kila muhula kwa ajili ya kompyuta. Kuna mama jirani yangu anayeuza mkaa, ana watoto watatu pale, na alilipa zote tatu kabla yangu.

Tunachodai ni hiki. Pesa hiyo isimamishwe mpaka chumba kifunguliwe. Mtu atumwe katika kila shule, aandike kwa mwezi mzima saa ambazo umeme unakuwepo, ahesabu watoto na walimu wanaojua kuandika kwa kompyuta, kisha mpango uandikwe upya kuanzia hapo, ukijaribiwa katika shule mbili kwa mwaka mmoja kabla ya kusambazwa. Na kwa sasa, wiki hii, ziwashwe kompyuta 8 tu: hizo ni wati 960, hata betri zilizochoka zitazibeba kwa muda, na watoto wapokezane.

Barua ya komite tutaipeleka Jumatatu. Wazazi na walimu wa komuni za Kenya, Ruashi na Kampemba hapa Lubumbashi ambao shule zenu zimo katika mpango wa namna hii, andikeni hapa mmelipishwa kiasi gani, betri zenu ni ngapi, na mtoto wenu amekaa mbele ya kompyuta mara ngapi tangu Septemba, ili majibu yenu tuyaambatanishe na barua hiyo.