Mnaopiga picha na kutengeneza kurasa za albamu wenyewe, kwa kompyuta au simu: tupeane uzoefu

FundiFremu
Wakuu, habari za jioni.

Zamani ukienda kwa watu, kabla chai haijafika unaletewa albamu. Unafunua, unaambiwa huyu ni shangazi yake nani, hapa ilikuwa Saba Saba ya mwaka gani. Siku hizi unapewa simu, na mwenye simu anasimama begani kwako asije akakuona umepitiliza picha zisizokuhusu.

Uzi huu ni wa wale wanaopiga picha wenyewe, kisha wanazipanga kurasa kwenye kompyuta au simu: picha, maneno machache, mapambo, tiketi ya basi iliyopigwa picha, kipande cha kitenge. Ukurasa ukikamilika unachapwa au unarushwa kwa jamaa.

Naanza na la kwangu. Mimi naamini kazi ya ukurasa inaanzia kwenye kamera, kompyuta inamalizia tu. Nikienda kwenye shughuli napiga watu kama kila mtu anavyopiga, lakini napiga pia picha zenye nafasi tupu: ukuta, anga, mchanga, mlango uliofungwa. Hapo ndipo maneno yatakapokaa. Picha iliyojaa kona hadi kona haina pa kuandika, ndiyo maana watu wanaishia kubandika kisanduku cheusi juu ya tumbo la mtu. Halafu napiga vitu vidogo: mikono inayomenya vitunguu, ndoo za barafu, viatu vilivyorundikana mlangoni, kadi ya mchango yenye chai iliyomwagikia. Siku ya shughuli watu wananishangaa napiga viatu. Ukurasa ukitoka, kila mmoja anatafuta vyake.

Mnapigaje, mnatumia programu gani, mnachapaje, na majina ya watu mnayapata wapi? Karibuni.

Mwanza_Lenzi
Mkuu umegusa penyewe. Mimi kazi yangu ni harusi, sendoff na kicheni pati hapa Mwanza, na albamu nazipanga mwenyewe.

Albamu ya harusi ukiifunua, kurasa mbili zinakuwa ukurasa mmoja mrefu, na katikati kuna mkunjo. Tulizoeshwa bibi harusi akae katikati ya picha. Ukimweka hivyo kwenye kurasa mbili, mkunjo unapita puani. Kwa hiyo nikiwapeleka ufukweni pale lilipo Jiwe la Bismarck, ile picha pana nawasogeza maharusi upande wa kushoto na kuacha ziwa lote kulia. Nikirudi, ukurasa umeshajipanga: upande wa maji naweka majina na tarehe, basi. Mapambo ya nini tena wakati ziwa lipo?

Shida ni kamati. Kila mtu anataka aonekane. Utasikia "weka na hii", "hii nayo usiiache", mpaka ukurasa una picha kumi na nane, kila sura ukubwa wa punje. Siku hizi tunaelewana kabla sijapokea malipo ya kwanza: ukurasa una picha kubwa moja na ndogo zisizozidi tatu. Wageni wa mezani wote wana kurasa zao mwishoni, vipicha vimepangwa mistari kwa mistari, hakuna aliyesahaulika. Kuna baba mdogo mmoja alifunua albamu kuanzia nyuma, akahesabu meza, akaridhika, akaifunga. Huko mbele hakugusa.

kimya_kimya
Natandika mkeka hapa. Endeleeni.

Bi_Pindo
Hamjambo. Mie niko Unguja, si mpiga picha wa kazi, lakini kurasa nimetengeneza nyingi, za wanangu na za bibi yangu.

Mapambo ya kununua mtandaoni sikuwahi kuyapenda. Majani ya miti nisiyoijua, na theluji. Nikajiambia nyumbani kuna sanduku la kanga, nihangaike na nini? Kanga tayari ni ukurasa. Ina pindo linalozunguka pande nne, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yaani ule msemo wa kanga. Nikiupanga ukurasa wangu, picha inakaa kwenye mji, pindo linabaki pindo, na pale penye jina naandika maneno yangu mwenyewe. Mara nyingine jina lenyewe linatosha. Ukurasa wa mama yangu akiwa jikoni una kanga yake ya "Nani kama mama", sikuongeza hata herufi.

Namna ya kuipiga: kanga ipigwe pasi kwanza, mikunjo haifutiki vizuri kwa kompyuta. Naitundika ukutani upande wa kivuli, na pini juu na chini isilegee. Jua kali silitaki, linafifisha nyekundu na kuunguza nyeupe. Kamera iwe sambamba na ukuta kabisa. Ukiinamisha kidogo tu, pindo moja linatoka nene na jingine jembamba, utalala ukilinyoosha. Kanga ni kubwa, ina karibu mita moja na nusu kwa urefu, basi simama mbali kidogo uvute kwa lenzi. Ukisogea karibu kingo zinapinda.

Kwenye kompyuta natenga kila kitu kwenye leya yake, yaani tabaka lake, nikigusa moja jingine halisogei. Mji naupunguza nguvu mpaka kwenye asilimia 20 hivi usishindane na sura ya mtu. Rangi ya maneno nainyonya kutoka kwenye pindo lenyewe, kwa hiyo siumizi kichwa rangi gani inakwenda na gani.

Kanga za bibi zina chapa ndogo pembeni, "K.H.E. Mali ya Abdulla", ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Hiyo siikati hata iharibu mpangilio. Wajukuu wataisoma.

JichoKavu
Samahanini wapenzi wa mapambo, lakini lazima mtu aseme. Kurasa nyingi ninazoziona zimejaa vipepeo, mioyo, dhahabu ya kumeremeta na fonti tano za kujikunja. Mtoto amepata kipaimara, anaonekana kama tangazo la sabuni. Picha ikiwa nzuri iachieni karatasi nyeupe ipumue. Mimi nafanya hivi: picha moja, ukingo mweupe mpana, mstari mmoja wa maneno chini. Kivuli nyuma ya picha siweki, na hizo pembe za kujifanya karatasi imechanika ndiyo kabisa.

Bi_Pindo
Kaka JichoKavu, hata kanga?

JichoKavu
Kanga ina sababu ya kuwepo, dada yangu. Ugomvi wangu ni na vipepeo.

dogo_wa_Mbeya
Shikamooni wakubwa. Mimi sina laptopu, nina simu tu. Nataka kumtengenezea mama kitabu cha picha za shamba la parachichi tangu miche ilipopandwa. Inawezekana?

FundiFremu
Marahaba dogo. Inawezekana sana, tena picha za tangu miche ni hazina.

Mwanga na rangi rekebisha kwa programu ya Snapseed, ni ya bure. Kurasa panga kwa Canva. Kabla hujaweka hata picha moja, chagua ukubwa wa ukurasa mwenyewe, usikubali ule wa kuposti. Kwa kuchapa hesabu ni pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) 300 kwa kila inchi: ukurasa wa mraba wa inchi 12 ni pikseli 3600 kwa 3600, A4 ni 2480 kwa 3508. Ukianza na udogo huwezi kuuongeza baadaye bila picha kuwa na ukungu.

Kama picha nyingine ziko kwa ndugu, usikubali wakutumie kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Inabanwa mpaka upande mrefu unabaki kama pikseli 1600, na kwa kuchapa hiyo inatosha sentimita 13 na ushei tu. Ile ya HD iliyoletwa 2023 ina nafuu, ila nayo inabana. Waambie watume kama dokumenti. Hapo hata tarehe iliyofichwa ndani ya faili unaikuta, wakati picha ya kawaida inavuliwa taarifa zote njiani, na kwa hadithi ya shamba wewe unaihitaji tarehe kuliko chochote.

Na anza leo kumpiga mama mahali palepale, mti uleule nyuma yake. Kila msimu. Siku ukipata kompyuta, GIMP na Photopea ni za bure na zina leya.

Mkaa_Kibokoni
Salaam kutoka Mombasa. Mimi nina albamu za mamangu, zile za gundi zilizokuwa mtindo miaka ya 80: karatasi nzito yenye mistari ya gundi, plastiki juu. Gundi imegeuka manjano na picha zimeng'ang'ania. Kuna jamaa zangu wamezivuta kwa kucha, zimetoka na nusu ya uso.

Tumia uzi wa kusafishia meno. Unaupitisha chini ya kona moja ya picha, unausogeza polepole kwenda na kurudi mpaka upande wa pili. Picha ikigoma, iache. Funua plastiki, laza albamu sakafuni karibu na dirisha, zima taa ya ndani isichanganye rangi, ipige kutoka juu. Yenye kutoka salama iskani kwa nukta 600 kwa inchi, si 300, utakuja kuikuza. Na iskani na mgongo wake! Kule nyuma ndiko kuna muhuri wa studio na mwandiko wa mtu.

Na wanaodhani kuchanganya picha na mapambo kumeletwa na kompyuta, waulize wazee wa Lamu juu ya Omar Said Bakor wa Bakor Studio. Huyo alikuwa akipachika sura za watu ndani ya maua na mapambo kwa kazi ya mikono, kabla ya Photoshop kuzaliwa mwaka 1990. Mimi nilivutiwa na kazi zake, nikachuma asumini uani, nikayapanga duara juu ya kitambaa cheusi, nikayapiga picha, na sura ya mamangu wa miaka ya 60 nikaitia katikati. Yeye nyeusi na nyeupe kama alivyo, asumini nayo nikaitoa rangi. Dadangu alitaka niyarudishe majani yawe kijani, nikakataa, tukanuniana kidogo.

Bintiye_Maskati
Assalaam alaykum. Majina ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nijibu hilo.

Familia yetu ilitawanyika baada ya 1964: wengine Maskati, wengine Dubai, wengine wamebaki Unguja. Nina picha ya kundi iliyopigwa Capital Art Studio, ile ya Ranchhod Oza iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, na nusu ya waliomo siwajui. Ninachofanya, natoa nakala, naweka namba juu ya kila kichwa, naituma kwenye kundi la familia. Shangazi zangu hawapendi kuandika, wanatuma sauti. Namba 4 ni nani, namba 7 alimuoa nani, kanzu ya namba 9 aliazima kwa nani. Sauti hizo nazihifadhi pamoja na ukurasa, ni mali kuliko picha.

Wakibishana, simtafuti mkweli. Namba 6 shangazi wa Unguja anasema ni fundi saa wa Malindi, wa hapa Maskati anasema ni shemeji yake na amekula naye. Ukurasani nimeandika kauli zote mbili na nani kasema. Kila Idi wanaanza upya.

Nawaandikia Kiswahili na Kiarabu, maana watoto wa huku wanasoma Kiarabu. Angalieni programu kabla hamjaanza: nyingine zinaandika herufi za Kiarabu zimeachana na kwenda kinyume, na mtu asiyejua kusoma hatagundua mpaka imechapwa.

SteshenariDom
Nimesoma kimya mpaka nimeshindwa. Mimi ni mchapaji, Dodoma, niko upande wa pili wa meza.

Jamani, skrinishoti. Mtu ametengeneza ukurasa mzuri, ananiletea skrinishoti yake yenye alama ya chaji iko asilimia 12 juu kulia. Pakua faili lenyewe, PDF ya kuchapa, weka kwenye flashi.

La pili, kingo. Kisu changu hakikati kwenye unywele. Mandhari ya nyuma yavuke ukingo milimita 3 kila upande, na maneno yakae ndani walau sentimita moja, la sivyo utalia na herufi ya mwisho ya jina la marehemu.

La tatu, giza. Kioo cha simu kina taa nyuma yake, karatasi haina. Picha inayong'aa mkononi itatoka nzito kwangu, na sura zetu nyeusi ndizo zinaumia kwanza, hasa pembeni ya shela jeupe, maana kamera ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga wa picha nzima. Pandisha mwanga wa sura kidogo kabla hujaja. Na usichape kitabu kizima kwa mkupuo. Chukua sura tatu nne zenye rangi tofauti, zipange kwenye karatasi moja ndogo ya sentimita 10 kwa 15, tuichape, uitazame nje kwenye mwanga wa mchana. Kitabu kizima kikitoka giza, fedha imeshakwenda na mimi na wewe tumeshakosana.

La nne, maandishi. Mnaandika herufi za ukubwa wa 6 kwa sababu zinapendeza. Atakayekifunua kitabu ni bibi mwenye miwani. Weka 11, hata 12.

Mwanza_Lenzi
Mkuu wa Dodoma umenikumbusha, huku kwetu mchapaji mmoja alinirudishia albamu nzima ya kijani kwa mbali. Akasema ndivyo faili lilivyo. Tangu hapo lile karatasi dogo la majaribio naondoka nalo, amelisaini.

dogo_wa_Mbeya
Asanteni sana. Karatasi ichukuliwe ya kung'aa au isiyong'aa? Kitabu kitashikwa na watu wengi, na mikono ya shambani.

SteshenariDom
Isiyong'aa. Ya kung'aa inashika alama za vidole na ukiisoma chini ya balbu huoni kitu. Mwambie akufungie kwa kushona au kwa waya, gundi tupu ikifunuliwa kila siku inaachia. Na jalada liwe gumu, lililopigwa lamineti.