Kayaki Mto Tana, Sagana, kwa siku moja: watu sita, wawili tu ndio wazoefu

mkaa_ukingoni
Wadau, habari zenu. Tuko marafiki sita hapa Nairobi, tunataka kwenda Sagana Jumamosi moja katikati ya Novemba, tushuke Tana kwa kayaki na kurudi jioni hiyo hiyo. Wawili wetu wakipinduka wanajiinua bila kutoka kwenye kayaki. Wanne waliobaki wamejifunza bwawani tu: wanajua kujitoa chini ya maji, basi. Vifaa vyote tutakodi huko. Je, tunaweza kushuka wote sita pamoja? Mvua za vuli zinabadilisha nini? Na vifaa vya kukodi tuvikague vipi?

kafi_refu
Wote sita pamoja, hapana. Mtu mmoja akipinduka na kujitoa, kuna vitu vitatu vinavyokwenda na maji, kila kimoja na njia yake: mwenyewe, kayaki na kafi. Hapo wazoefu wenu wawili wote wameshapata kazi. Wa pili akipinduka dakika hiyo hiyo, hana wa kumfuata. Ongezeni kiongozi wa pale anayeujua mto, mfikishe kayaki tatu zenye watu wanaojiweza, na hapo ndipo mnaweza kumweka mgeni mmoja katikati, tena kwenye sehemu ambazo ugumu wa maji ni wa daraja la pili tu (la kwanza ndilo jepesi kabisa). Wengine washuke na boti la mpira lenye nahodha wake.

Asubuhi wanne hao wafanye zoezi moja tu, kwenye maji tulivu yaliyo nyuma ya jiwe kubwa: kutoka pale kuingia mkondoni, kisha kurudi. Wageni wengi hupinduka kwenye mstari unaotenganisha maji tulivu na mkondo, kwa sababu mkondo unapoipiga kayaki ubavuni, mwili unataka kuegemea kule maji yanakotoka. Ukifanya hivyo, maji yanapanda juu ya ukingo na kukubinua mara moja. Elekeza pua ya kayaki kule mto unakotoka, mshazari kidogo, inua goti la upande maji yanakotoka, egemea upande yanakokwenda, na usiache kupiga kafi. Warudie mara ishirini kila upande.

Kuhusu vuli: Tana ya Sagana inabeba maji ya Mlima Kenya na Nyandarua. Jua linaweza kuwa linawaka Sagana huku mto unapanda, maana mvua ilinyesha mlimani usiku. Msipime kwa mazoea ya Jinja, Uganda. Kule Nile inatoka Ziwa Victoria na kiasi chake kinaamuliwa kwenye mabwawa ya umeme. Mkifika, kabla hata ya chai, chomekeni kijiti pale maji yanapoishia. Mkitazama baada ya nusu saa mkakuta maji yamekipanda vidole vinne, na mto umekuwa rangi ya chai ya maziwa na unabeba matawi, siku hiyo msiingie. Mti ulioanguka mtoni ni kama chujio: maji yanapita, mtu anabaki amegandamizwa hapo. Mimi naogopa mti kuliko poromoko lolote.

fundi_sketi
Nijibu la vifaa. Anza na sketi, ile inayoziba tundu la kayaki kiunoni. Bandika ukingo wa nyuma kwanza, vuta mbele, malizia pembeni. Sasa tazama kitanzi cha mbele: kiko nje? Wanaoshindwa kujitoa mara nyingi ni kwa sababu kitanzi kilikunjwa ndani wakati wa kufunga. Kila mtu amkague mwenzake kwa kukishika kwa mkono, asikitazame tu. Kufungua, kisukume mbele kwanza ndipo ukiinue. Ukikivuta kuelekea tumboni sketi haiachii. Ukikikosa, pitisha mikono ukingoni karibu na nyonga, minya kitambaa, kiinue.

Jaketi: kaza mikanda yote, kisha mwenzako alivute juu kwa mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa au halijakazwa. Kofia ngumu isukume kutoka kwenye paji la uso. Ikirudi nyuma na paji likabaki wazi, omba nyingine.

Kayaki yenyewe: kizibo cha tundu la kumwagia maji kipo na kimekazwa? Mifuko ya hewa imo nyuma ya kiti, na imejazwa? Kayaki ya mtoni ina ujazo wa lita 250 hadi 300 hivi. Ikijaa maji bila mifuko hiyo, ni robo tani inayokufuata mkondoni, na hakuna rafiki atakayeisukuma hadi ukingoni. Miguu iguse kizuizi, magoti yabane chini ya sitaha. Ukicheza kitini, kayaki haikutii, kwa hiyo bebeni vipande vya sponji ngumu vya kuziba nyonga. Viatu viwe vya kufunga.

dada_mkondo
Kwa atakayeogelea: lala chali, miguu juu na mbele, na usisimame mpaka makalio yaguse chini. Ukisimama kwenye maji ya kasi yanayopita magoti, mguu unanasa kati ya mawe na mkondo unakulaza kifudifudi.

Mwenye mfuko wa kamba ya kumrushia anayeogelea asimame ukingoni, mbele ya poromoko kule maji yanakokwenda, si kando yake, mahali ambapo mtu akibembea na kamba anafika maji tulivu. Kamba ya mita 15 hadi 20 inatosha. Aite kwanza, mtu amwone, ndipo arushe. Asijifunge kamba, na anayeokolewa asiizungushe mkononi. Aishike kifuani, ipite begani, abaki chali.

Kubalianeni ishara mkiwa nchi kavu: kafi wima maana yake njoo; kafi mlalo juu ya kichwa maana yake simama; filimbi mara tatu maana yake dharura.

mkaa_ukingoni
Asanteni sana. Wanne wanapanda boti la mpira, na kiongozi tutamtafuta. Ratiba je?

kafi_refu
Ni kilomita 100 hivi, ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Gari moja mliache mtakapotokea, na ufunguo wake ushuke nao mtoni kwenye mfuko wa zipu wa jaketi; watu husahau ufunguo kwenye gari linalobaki mnakoanzia. Saa kumi jioni wote muwe nje ya maji, kwa sababu mvua za vuli hupenda alasiri na saa kumi na mbili na nusu jioni giza linaanza.

dada_mkondo
Na kichocho: baada ya wiki sita hadi nane nendeni mkapime, hata asiyejisikia vibaya. Mkipima wiki hiyo hiyo hakitaonekana. Kikionekana, kinatibika kwa prazikwanteli.