Vile vitu tisa vya Kenneth Arnold 1947, kweli walikuwa ndege wa majini aina ya mwari?

Mtoto_wa_Katonga: Wakuu habarini. Jana hapa Kigoma tumebishana sana kijiweni Mwanga kuhusu yule rubani wa Marekani Kenneth Arnold, tarehe 24/6/1947 saa tisa mchana kweupe alikuwa anatafuta ndege ya jeshi iliyopotea karibu na mlima Rainier, jimbo la Washington, akaona vitu tisa vimefuatana vinang'aa, akasema vinaenda kama sahani ukiirusha ikarukaruka juu ya maji. Jamaa mmoja akadai ni mwari tu. Nimekataa ila hoja sina.

Mama Kibirizi: Mwanangu, usimbeze mwenzio. Mwari akigeuka jua likampiga ubavuni anawaka mweupe hasa, anazimika, anawaka tena, na wanafuatana mstari hivyo hivyo. Ila anapiga mbawa, mtu akiwa karibu ataziona.

Fundi_Redio: Shida yote ipo kwenye umbali. Arnold aliangalia saa ya ndege, toka Rainier mpaka mlima Adams vimetumia dakika 1 na sekunde 42, ukipiga hesabu inakuja maili 1,700 kwa saa, akashusha mwenyewe mpaka 1,200 ili asionekane anatia chumvi, na bado ni zaidi ya kasi ya sauti ambayo rubani wa majaribio Chuck Yeager aliivuka kwa mara ya kwanza Oktoba mwaka huo huo. Lakini kama vilikuwa karibu kuliko alivyodhani, hiyo kasi inaporomoka. Nyie wa Kigoma mnajua, mvua ikikatika milima ya Kongo unaiona ipo hapo tu. Jeshi la anga la Marekani lenyewe liliandika ni mazigazi.

Mtoto_wa_Katonga: Shikamoo mama, asante. @Fundi sasa mbona alisema kuna wakati vilipita nyuma ya kilele akaacha kuviona? Si hapo umbali unajulikana?

Fundi_Redio: Hiyo ndo hoja yako kijiweni mkuu, ishike. Na alifungua dirisha kuhakikisha sio mng'ao wa kioo, bata bukini aliwafikiria mwanzoni kabisa akawatoa. Mimi namwamini kwamba aliona kitu, ni kitu gani ndo sijashawishika na jibu lolote.

Msafiri wa Reli ya Kati: Someni na ya Kilimanjaro 1951, asubuhi, ndege ya East African Airways inatoka Nairobi kwenda Mombasa, rubani na abiria wote wanaangalia kitu kimesimama hewani juu ya mlima. Hapo mwari hayupo.