Mnaosomesha chuo: unamtumia mtoto kiasi gani, na unaishia wapi? Tupeane uzoefu

Mkulima wa Mbozi
Wakuu, salaam. Binti yangu wa kwanza ana mwezi chuoni Dodoma, anasomea ualimu wa sayansi. Bodi ya Mikopo imempa hela ya kula na malazi, ile 10,000 kwa siku, ila ada imempa sehemu tu. Nimebakiwa na laki 7 kwa mwaka, na bado kuna laptopu anayoililia. Mimi ni wa kahawa: AMCOS, chama chetu cha ushirika, ikilipa imelipa, halafu ukame mpaka msimu mwingine, na nyuma yake wako watatu. Mke wangu anataka tuuze ng'ombe tumwongezee laki kila mwezi. Mimi nasema hilo boom, hela ya Bodi, linatosha. Waliosomesha semeni mlivyofanya, sitaki nadharia.

Kibobori
Laki juu ya boom? Mkuu, unamsomeshea muuza chipsi kuku.

Mama Tegeta
Wa kwangu hakupata mkopo hata senti. Nilimsomesha kwa vitenge na kikoba. Mwaka wa pili nikajidai kumwamini: ada ya semista, laki 6 na nusu, nikamrushia kwenye simu akalipe mwenyewe. Akanitumia picha ya risiti, nikamshukuru Mungu. Wiki moja kabla ya mitihani akampigia mama yake mdogo, si mimi: kazuiwa kufanya mtihani. Risiti ilikuwa ya mwaka wa kwanza, tarehe kaichezea. Hela yote iliishia kwenye mikeka ya kubeti. Alianza na elfu 20, akashinda laki na themanini, na huko kushinda ndiko kulikomponza.

Nikarudi kikoba kukopa na riba juu, nikalipa mwenyewe kwa wakala. Tangu hapo ada nikawa nailipa mimi kwa kontrol namba, ile namba ya malipo ya chuo, kodi ya chumba namtumia mwenye nyumba, na yeye anapata elfu 35 kila Jumapili jioni. Alininunia semista nzima. Sasa yuko kazini, ananirudishia ile laki 6 na nusu. Bado laki 2, na sisamehi.

Mkulima wa Mbozi
Mama, elfu 35 kwa wiki ilimtosha?

Mama Tegeta
Akipika, ndiyo. Alikuwa na mtungi mdogo wa gesi, na kila likizo anaondoka na unga na maharage.

Fundi wa Ilala
Laptopu mnunulie, hata mtumba. Wa kwangu aliwachapia wenzake ripoti za field, akaacha kuniomba vocha.

Nilibebwa
Mimi niongee upande wa mtoto. Enzi zetu boom lilikuwa 8,500 kwa siku, likitoka la siku 60 ni 510,000. Kwetu hakuna aliyenitumia shilingi. Mimi ndiye niliyetuma. Laki na nusu ilienda kwa mdogo wangu wa sekondari kabla sijanunua hata sabuni. Chumba nilibebwa, wanaume wawili kitanda cha mtu mmoja. Wiki mbili za mwisho ni pasi ndefu: unakula saa kumi jioni, ndiyo basi mpaka kesho saa kumi.

Kutuma sijutii. Kinachoniuma ni kwamba mama alidhani serikali inanilipa mshahara, nami sikumwambia. Leo nakatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa deni lile, naye anashangaa mbona siku hizi natuma kidogo kuliko nilipokuwa mwanafunzi.

Halafu boom halikusubiri getini, mkuu. Usajiliwe kwanza, usaini, ndipo liingie. Kabla hujasema linatosha, mpigie binti umuulize leo amekula saa ngapi. Usimuulize kama ana hela, atakwambia anayo.

Mkulima wa Mbozi
Nimempigia jana usiku, nikauliza saa. Kimya kidogo, kisha akasema saa tisa alasiri. Mama yake alikuwa anasikia. Ng'ombe anakwenda mnadani Jumamosi. Ila hela tutaikata kwa wiki kama Mama Tegeta, na ada nalipa mimi. Sasa nielekezeni: hiyo kontrol namba naiomba chuo au kwa mtoto?

Mama Tegeta
Anaitoa mtoto kwenye akaunti yake ya chuo, anakutumia. Soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri.